Kabla baiskeli haijaondoka Marui, kijana afundwe safari

Pancha huzibwa na fundi yeyote kati ya Pwani na Mara. Adabu ya ugenini haina fundi njiani, hutoka nyumbani.

Kila mwaka inapokaribia Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, huondoka Dar es Salaam msafara wa waendesha baiskeli uitwao Twende Butiama. Ulianza mwaka 2019. Waendeshaji hupita mkoa baada ya mkoa, wakipanda miti na kusaidia shule njiani, hadi mkoani Mara, kwenye kijiji alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu.

Picha zao husambaa kwenye simu, na hapo ndipo maneno huanza ndani ya nyumba. Kijana wa Marui, wilayani Kisarawe, aliyekulia juu ya baiskeli yenye gunia la mihogo kwenye keria, anaziona na kusema hata yeye anaweza. Miguu anayo, na pumzi anayo. Wenzake wawili wamekwisha kukubali, na wanataka kwenda peke yao, bila msafara mkubwa.

Mzazi anashikwa na hofu mbili. Ya kwanza ni barabara, maana Barabara ya Morogoro inabeba mabasi na malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Ya pili ni watu: kijana atalala wapi, atakula kwa nani, na atasema nini kwa wenyeji wasiomjua yeye wala kwao? Hofu ya kwanza huzungumzwa sana. Ya pili huachwa ijimalize yenyewe, kumbe ndiyo inayohitaji miezi ya maandalizi, na mwalimu wake ni mzazi.

Umbali na hesabu yake

Kutoka Pwani hadi Butiama kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza ni kilomita zipatazo 1,300. Kijana mwenye baiskeli ya kawaida na mzigo mdogo akijiwekea kilomita 80 hadi 90 kwa siku, atahitaji siku 15 au 16 za kupiga pedali. Akiongeza siku tatu za kupumzika na moja ya dharura, ni karibu wiki tatu.

Katika wiki hizo atapita Ugogo, Unyaturu, Unyiramba, Unyamwezi na Usukuma kabla ya kufika kwa Wazanaki. Kiswahili kitamfikisha kote, lakini kuelewa maneno ya watu ni jambo moja na kuujua mwenendo wao ni jambo jingine. Kijana aliyezoea pwilapwila za Pwani, ambako mtu hutaniana na muuza kahawa asiyemjua, anaweza kuonekana hana heshima mbele ya mzee anayetarajia kwanza asalimiwe kwa utulivu.

Mababu waliijua njia hii

Njia hii si ngeni. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilitembea kwa miguu kutoka bara hadi pwani ikiwa na pembe za ndovu, na kurudi na vitambaa na shanga. Safari ilichukua miezi. Ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi ili iruhusiwe kuteka maji na kuendelea, na Uzaramo nako wenye nchi walitaka chao.

Mwaka 1845 kijana Mfaransa aitwaye Maizan, ofisa wa jeshi la majini, aliingia bara kupitia Uzaramo akiwa na shehena kubwa. Aliuawa Dege la Mhora kabla hajafika mbali. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857 pamoja na John Speke, aliandika kwamba vitu vya kung'aa vya Mfaransa huyo viliamsha tamaa. Kisa hiki kinafaa kusimuliwa nyumbani Kisarawe, kwa sababu wenyeji wa kutisha katika kisa hicho ni watu wa huku huku. Anayemwogopa Mgogo au Mkurya kwa kuwa hamjui akumbuke kwamba kuna wakati wageni walipita Uzaramo wakitetemeka.

Misafara hiyo hiyo iliacha jambo jingine zuri zaidi: utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na Wasukuma wamo katika utani huo. Watu waliokutana mara kwa mara njiani, wakauziana, wakagombana na kuzikana, walijiwekea desturi ya kuchokozana kwa maneno bila kukasirika, na ya kusaidiana penye shida. Mtani ana ruhusa ya kumcheka mwenzake, lakini hana ruhusa ya kumwacha na njaa.

Kijana wa Kizaramo akifika Nzega au Shinyanga akasema atokako, huenda mzee akamwambia kwamba mtumwa wake amerudi nyumbani. Asiyefundwa atanuna, au atajibu kwa matusi. Aliyefundwa atacheka, atarudisha neno la kiasi chake, na huenda jioni hiyo akalala ndani. Mafunzo haya hayapatikani dukani. Babu na bibi wa Marui wanayo, nao wanangoja kuulizwa.

Kuna tahadhari moja. Utani haufanani kila mahali, na si kila kijana wa leo anaujua. Mgeni asiuanzishe yeye. Amwachie mwenyeji mkubwa kwa umri afungue mlango, kisha afuate.

Ajue kwao kwanza

Mgeni huulizwa. Kila jioni, kwenye kila benchi, ataulizwa kwao ni wapi, wanalima nini, wanaoaje, wanazikaje. Kijana anayejibu "kwetu kawaida tu" anawanyima wenyeji kitu pekee alichoweza kuwaletea.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya maandalizi hufanyika nyumbani. Aweze kueleza ngoma ya mdundiko na inapochezwa. Ajue mwana hiti ni nini na kwa nini sanamu hiyo ndogo ya mbao ilikuwa na heshima kwa mwali wa Kizaramo. Aeleze korosho inavyotunzwa kutoka maua hadi gunia, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilivyo.

Ajue pia kwamba safari yake ina uzi unaoanzia karibu na nyumbani. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mgeni, Mzanaki kutoka mbali, na wazee wa Pwani walimpokea. Kijana anayekwenda Butiama anaifuata njia hiyo kwa kurudi nyuma. Akilijua hilo, atakuwa na la kusema mbele ya kaburi la Mwitongo zaidi ya kupiga picha.

Salamu, chakula na mahali pa kulala

Salamu chache za wenyeji hufungua milango mingi. Ugogoni mtu husalimiwa "mbukwa", na wakiwa wengi "mbukwenyi". Usukumani asubuhi ni "mwangaluka", na baada ya mchana ni "mwadila". Kwa mzee yeyote, kote njiani, shikamoo haijawahi kukosea. Isemwe baada ya kushuka kwenye baiskeli na kuvua miwani ya jua, maana shikamoo ya kupita ni bora isingesemwa.

Chakula nacho kinataka maandalizi. Kijana wa Pwani amelelewa na tui la nazi, na baada ya Morogoro tui linakuwa adimu. Dodoma atapewa ugali wa mtama au uwele na mlenda. Usukumani atakutana na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kando ya ziwa atakula ugali wa udaga, ambao mama yake akiuona atasema huyu ni ndugu wa bada. Mzazi anaweza kuanza mapema: mlenda bila nazi uliwe nyumbani mara mbili tatu, na atakayekunja uso aambiwe kwamba huko uso huo utamfedhehesha mpishi.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Marui, suala la nyama lizungumzwe kabla. Kijana ajifunze kuuliza kwa upole nani amechinja, na kushukuru kwa mboga au maharage bila kumfanya mwenyeji ajione amekosea. Aelezwe pia ruhusa aliyonayo msafiri ya kufupisha sala, ili asilazimike kuchagua kati ya sala na kufika kabla ya giza.

Kuhusu kulala, utaratibu wa kijijini bado unafanya kazi. Kabla ya kuondoka achukue barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au kata, na kitambulisho cha taifa kama anacho. Akifika kijiji asichokijua jioni, aende kwa mwenyekiti kwanza, si kwa mtu aliyemkuta njiani. Amweleze ametoka wapi, anakwenda wapi, ataondoka lini. Mgeni aliyepokelewa na mwenyekiti ana ulinzi wa kijiji kizima. Anayejificha shuleni au kwenye kibanda cha sokoni anaweza kudhaniwa mwizi, na mtu anayedhaniwa mwizi usiku hapewi muda wa kujieleza.

Mjini atalala gesti, na kitabu cha wageni kitamuuliza jina, atokako, aendako na pengine hata kabila. Aandike ukweli. Kitabu hicho ndicho kitakachoonyesha alilala wapi mara ya mwisho ikiwa kutatokea tatizo.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Mgeni wa baiskeli hawezi kubeba zawadi nzito, lakini kifuko cha korosho kutoka Kisarawe hakina uzito mkubwa. Akilala kwa watu siku ya pili, ashike jembe au ndoo bila kuambiwa. Wenyeji wote wanaijua methali ya mgeni na siku ya tatu.

Mwili na baiskeli

Miezi mitatu inatosha kwa kijana mwenye afya aliyezoea baiskeli. Mwezi wa kwanza aendeshe siku tatu kwa wiki katika barabara za vumbi za Kisarawe, bila haraka. Mwezi wa pili aongeze mzigo uleule atakaosafiri nao. Mwezi wa tatu aende siku mbili mfululizo: Kibaha hadi Chalinze, karibu kilomita 70, alale, arudi kesho yake. Siku ya pili ndiyo humwonyesha mtu ukweli, kwa kuwa makalio yaliyochubuka jana yanarudi kwenye tandiko lilelile.

Hiyo safari ya majaribio ina kazi nyingine. Mzazi atumie siku hizo mbili kuona kama kijana anapiga simu saa aliyoahidi. Aliyesahau Chalinze atasahau Singida.

Baiskeli ya kawaida aina ya Phoenix inafika, mradi iwe imefumuliwa na kuunganishwa upya. Afadhali kijana akae na fundi wa kijijini siku nzima akijifunza kwa mikono yake: kuziba pancha, kunyoosha rimu kwa kukaza spoku, kuunga mnyororo, kubadili mpira wa breki. Abebe tyubu mbili, viraka na gundi yake, spana, pampu na waya. Vifaa vya Phoenix hupatikana karibu kila soko njiani, na hilo ni jambo la kumshinda mwenye baiskeli ya bei kubwa ambayo kifaa chake kikivunjika Igunga kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Shinyanga hasa hatapata shida, kwani huko baiskeli ni usafiri wa watu wote, na zipo zinazobeba abiria kwa nauli.

Oktoba ni mwezi wa joto kali Dodoma na Singida. Maji yasipungue lita tatu kwenye baiskeli, pamoja na pakiti za chumvichumvi za kutibu upungufu wa maji mwilini. Chandarua chepesi kiwemo. Mavazi yawe machache lakini moja liwe la heshima, suruali safi na shati la mikono mirefu, kwa siku atakayokaribishwa msibani, harusini au mbele ya wazee.

Vitu vya thamani visionekane, na kisa cha Maizan kinatosha kuwa sababu. Simu ikae mfukoni, fedha nyingi zibaki kwenye simu na chache tu ziwe mkononi, na picha ya mtu isipigwe kabla ya kuombwa, hasa ya mtoto, ya mgonjwa au ya mahali pa matambiko.

Masharti ya barabarani

Yako mambo ambayo mzazi hapaswi kuyajadili. Haya yawe masharti.

Hakuna kuendesha usiku. Waondoke kukipambazuka, na saa kumi jioni wawe wanatafuta mahali pa kulala. Kofia ngumu na kizibao cha kung'aa vivaliwe kila siku, hata jua likichoma. Waende mmoja nyuma ya mwingine, kushoto, na kioo kidogo kifungwe kwenye usukani. Lori likija nyuma na jingine mbele, washuke kwenye lami na kusubiri. Aliyechelewa dakika moja atafika.

Hakuna kushika lori kwenye mlima. Kishawishi hicho kitakuwepo Sekenke, kati ya Singida na Igunga, ambako mlima ni mkali na malori hupanda polepole. Washuke wakokote baiskeli, si aibu. Na wakati wa kuteremka, breki zijaribiwe juu kabla ya kuachia.

Kati ya Lamadi na Bunda barabara inapita ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti, kwenye lango la Ndabaka. Hapo wapite mchana, pamoja, baada ya kuwauliza wenyeji hali ya wanyama siku hiyo.

Nyumbani iwepo karatasi yenye ratiba ya kila siku, namba ya simu ya kila kijana na ya mzazi wa kila mmoja. Namba ya dharura ya polisi, 112, wote waijue kwa kichwa. Ikifika saa mbili usiku bila simu, mzazi anajua aanze kupiga wapi.

Binti naye akitaka

Swali hili huja, na jibu la "hapana" la haraka haliishi. Binti anayekatazwa bila maelezo huona kaka yake akipewa dunia na yeye akiachiwa ua.

Masharti yake ni yale yale, pamoja na mengine matatu. Asiende peke yake wala awe msichana pekee katika kundi. Mahali pa kulala papangwe kabla, kwa ndugu, kwa familia inayofahamika au hosteli ya taasisi ya dini, na mzazi azungumze kwa simu na mwenyeji mwenyewe. Na avae nguo zinazomruhusu kuendesha kwa heshima, suruali pana na kanga ya kujifunga mara anaposhuka. Usukumani ataona wanawake wengi wakiendesha baiskeli bila mtu kugeuka kuwatazama. Ataona pia wasichana wakipiga goti kuwasalimu wakubwa, na hapo atajua la kufanya.

Pamoja na hayo aambiwe wazi kwamba heshima kwa mwenyeji ina mpaka. Adabu haimlazimishi kubaki mahali anapojisikia vibaya. Maneno haya yasemwe kwa binti na kwa kijana wa kiume vilevile.

Akivuka mpaka

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tangu hapo vijana wengine hutamani Rwanda kuliko Butiama. Njia ni ileile hadi Nzega, kisha Kahama na Rusumo.

Huko ugeni unaongezeka. Mara baada ya daraja la Rusumo magari hukaa kulia, na macho yaliyozoea kushoto hukosea hasa asubuhi, mtu anapotoka barabarani akiwa na usingizi. Saa hurudi nyuma kwa saa moja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, hivyo vitu vifungwe kwenye mifuko ya nguo kabla ya mpaka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja za jamii, na msafiri ajue shughuli nyingi zitasimama. Salamu ni "mwaramutse" asubuhi na "mwiriwe" mchana. Apitie Uhamiaji mapema kwa hati ya kusafiria, na abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kwa safari ya kwanza, hata hivyo, ndani ya nchi panatosha. Aliyeweza kulala kwa mtani Nzega bila ugomvi ameanza kustahili Kigali.

Lini mzazi aseme ndiyo

Mzazi asiangalie miguu peke yake. Aseme ndiyo kwa kijana aliyekamilisha safari ya majaribio na kupiga simu kwa wakati, anayeziba pancha mwenyewe, na anayeweza kukaa na wazee saa nzima akisikiliza. Aseme "bado" kwa yule anayejua kila kitu kuhusu baiskeli ila hakumbuki mara ya mwisho alipomsalimia jirani. Huyo hajanyimwa. Amepewa mwaka mmoja zaidi, na jirani wa kuanzia naye yupo hapo hapo Marui.

Mwenye kusema ndiyo aandae pia marejeo, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kijana akirudi asiulizwe kwanza amepunguza dakika ngapi au amepiga picha ngapi. Aulizwe majina: nani alimpa maji Bahi, nani alimkaribisha Igunga, mama gani alimpikia Magu. Kisha wapigiwe simu mmoja mmoja, na mzazi mwenyewe awashukuru na kuwaambia kwamba wakishuka Pwani, nyumba iko Marui na mlango uko wazi. Wengine watakuja kweli, kwa hiyo godoro la ziada litafutwe mapema.